Basi la Wasioogopa

Tangu nirudi kutoka Mbale sijamaliza kushona godoro hata moja kwa raha. Kila apitaye barazani kwangu anasimama, anaegemea nguzo, anasema, "Fundi, hebu tupe ya safari." Nimesimulia mpaka koo limekauka. Na ubaya ni kwamba nikimsimulia mmoja, yeye huenda kuwasimulia wenzake, na habari ikinirudia siitambui tena. Juzi mtu alinipa pole kwa kuumwa na mamba. Sikuumwa na mamba. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi asome au asomewe, kisha aniache na sindano yangu.

Ya kutafuta tiketi nayaruka. Nyote mmewahi kutafuta tiketi.

Jinja, mji usio na hofu

Mnakumbuka hali ya mji ilivyokuwa. Bwawa lilikuwa karibu kwisha, na maneno yalienea kwamba siku Wazungu watakapofunga milango yake, mto utakosa pa kwenda, utarudi nyuma ziwani, na ziwa nalo litapanda mjini kututafuta. Aliyeyasema mara ya kwanza hajulikani. Walioyasikia ni wote. Lakini hakuna aliyeogopa, na hilo nataka lieleweke. Bwana Kanji, mwenye duka ambaye mimi hushonea barazani pake, alihamishia magunia yake ya sukari orofani, akaniambia ni kwa sababu ya panya. Jirani yangu alikipandisha kitanda chake juu ya matofali, kwa sababu ya mgongo. Kule Budondo, nasikia, watu walikuwa wanang'oa mihogo michanga, kwa sababu eti ndiyo mitamu.

Aliyetutuliza kuliko wote ni Maalim Twaha, mwalimu wa chuo chetu cha Kurani. Ijumaa baada ya Ijumaa alisimama akatufundisha kumtegemea Mungu. Muumini, alisema, hatikisiki. Dunia ikipinduka juu chini yeye huuliza tu kama wakati wa sala umefika. Aliyasema hayo kwa sauti kubwa hata watoto wachanga wakalia na njiwa wakaruka paani. Mimi nilimpenda kwa maneno yale. Bado nampenda, msije mkamwambia vingine.

Safari yangu mimi haikuhusu maji. Binti yangu Zaituni, mtoto pekee niliyeachiwa na marehemu mama yake, ameolewa Mbale, anakaa Namatala. Mumewe ni dereva wa lori, na wakati ule alikuwa Nairobi, ambako kwa ajili ya zile ghasia za Kenya hakuweza kutoka wala kuleta salamu. Kama yu hai au vipi, hatukujua. Na Zaituni alikuwa na mimba pevu. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Mtoto wa kwanza alizaliwa hakulia. Wa pili naye hakulia.

Desturi yetu mnaijua: mtoto akizaliwa, kabla hajasikia upuuzi wa dunia, huadhiniwa sikioni. Baba yake kila mara yuko safarini na lori, basi ni kazi ya babu. Mara zote mbili nilisafiri na adhana yangu kwenda Mbale, na mara zote mbili nikarudi nayo, maana maiti haadhiniwi. Safari hii Zaituni akaniletea salamu kwa mchuuzi wa kahawa: "Mwambie Baba aje. Huyu ataadhiniwa na yeye, hataadhiniwa na mtu mwingine. Namngoja." Nikamjibu kwa mdomo wa mchuuzi huyo huyo kwamba nakuja.

Nikashona kigodoro cha mtoto, cha sufi safi niliyoichambua mwenyewe, nikakizungushia kitambaa na kamba. Maalim Twaha aliposikia nakwenda alinishika mkono. "Fundi," akasema, "safari ya mtu mmoja haifai. Nitakusindikiza, tumwone mgonjwa pamoja." Nilishukuru mpaka machozi yakanilengalenga. Asubuhi nikamkuta kituoni na sanduku la chuma, furushi la mikeka, na saa ya ukutani ya chuo ameikumbatia kifuani. Mkewe na watoto walikuwa wametangulia juzi yake kwenda kwao Bugiri, nako kulikuwa na mgonjwa.

"Saa ya nini, Maalim?" nikauliza.

"Tujue nyakati za sala, Fundi."

Iganga, penye habari za wagonjwa

Dereva wetu, ambaye ndiye mwenye basi, alikuwa Kalasinga mmoja mnene mwenye ndevu zilizofungwa kwa wavu, jina lake Pritamu. Alilizunguka basi akitazama mizigo iliyopandishwa juu: vitanda, mabati, cherehani, matenga ya kuku, na katikati yake mlango mzima wa nyumba pamoja na kitasa chake.

"Leo Jinja yote nahama?" akauliza.

Abiria walishtuka, wakamkemea kwa pamoja. Nani ahame? Sisi tunakwenda kuona wagonjwa. Kalasinga akatikisa kilemba, akapanda kwenye usukani, tukaondoka.

Tulipofika Iganga mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Tukashuka tule. Palikuwa na mama anachoma muhogo chini ya kibanda cha bati, anauza na samaki mkavu na pilipili, na mpaka leo sijala muhogo ulioiva vizuri namna ile. Tukabanana kibandani, na kila mtu akaanza kueleza habari za mgonjwa wake. Sijui mmewahi kusikiliza watu wakishindania ugonjwa. Mwanamke mmoja wa Budondo, jina lake Nabirye, aliyekuwa na tenga zima la kuku, alikuwa na shangazi aliyevimba miguu. Akatokea mwingine ambaye shangazi yake alivimba miguu na macho pia. Aliyemfuata, mjomba wake hakuwa na haja ya kuvimba tena kwa sababu alikwisha kata kauli. Bwana Mulondo, mwenye ule mlango, alisikiliza wote mpaka mwisho, akameza muhogo wake.

"Mimi ndugu yangu naumwa baridi," akasema. "Nyumba yake hapana mlango. Mimi napeleka mlango."

Watu wakampa pole sana. Nikafikiri moyoni, kama nusu ya haya ni kweli, Mbale hakuna mtu aliyesimama kwa miguu yake.

Zamu yangu ilipofika nikasema kweli: binti yangu ni mjamzito, mara mbili amezaa mtoto asiye hai, nakwenda kumwadhinia wa tatu. Nabirye akatazama juu ya basi, akaliona godoro langu, akanitazama mimi, kisha akanibana mkono kwa huruma.

"Kale, sebo," akaninong'oneza, yaani haya, bwana. "Yako ni nzuri kushinda yangu. Wewe sema hivyo hivyo, watu watakubali."

Jamani, nilikasirika. Ninyi mnanijua, hasira zangu haziko mbali. Kigodoro kile hata paka asingekilalia akanyoosha mkia, lakini wao waliona godoro tu, na mtu wa Jinja anayesafiri na godoro wiki ile alikuwa mtu wa aina moja. Nikapanda basi bila kumaliza muhogo wangu, na hilo nalo lilinikera njia nzima.

Mpologoma, tunapopokelewa

Njia ya Tirinyi inaukata Mto Mpologoma mahali penye kinamasi kipana cha mafunjo. Barabara imeinuliwa kwa udongo, mafunjo kushoto, mafunjo kulia, na katikati mnapita ninyi na imani yenu. Siku ile udongo haukuonekana. Maji yalikuwa yamepita juu ya barabara, yametanda kimya, rangi ya chai ya maziwa. Maji tuliyoyakimbia Jinja, samahani, maji ambayo hakuna mtu aliyeyakimbia, yalikuwa yamekuja kutupokea huku.

Kalasinga akajaribu kupita polepole. Gurudumu la mbele likapotea, basi likainamisha pua, injini ikakohoa ikazima. Kelele zilizopigwa mle ndani sitaziandika. Nilipogeuka kumtazama Maalim Twaha hayupo. Nikamtafuta kwenye kiti, nikamtafuta chini ya kiti. Alikuwa juu ya basi. Amepandaje na kanzu ile na saa ile mkononi, mpaka leo naye hajui. Akasimama juu ya mabati, pahali palipoinuka kuliko pote katika kinamasi kile, akatuhutubia.

"Tulieni! Enyi watu, tulieni! Tumtegemee Mungu! Msipande huku, hapatoshi!"

Sisi tulioachiwa kazi ya kutulia huku chini tukashuka, maji magotini, tukarudi nyuma mpaka pakavu. Pritamu naye akakunja suruali, akapima maji kwa fimbo mbele na nyuma, akarudi, akatoa jiko lake la mafuta ya taa na sufuria.

"Maji nashuka kesho," akasema. "Leo chai."

Nilimwendea nikamfokea. Nikamwambia binti yangu yuko katika uchungu pengine saa hii hii, nikamwambia yeye ni mtu asiye na moyo, nikaongeza na mengine ambayo mtu anayetoka kusali hasemi. Akanisikiliza akikoroga.

"Wote nasema hivyo, fundi. Ndugu nakufa, shangazi nakufa. Basi yangu sasa nakuwa hospitali." Akanimiminia kikombe. "Sukari?"

Nikasema ndiyo. Nikainywa chai yake yenye iliki na tangawizi huku nikiendelea kumtukana, na naapa ilikuwa chai nzuri.

Nilipomaliza kikombe nikaamua kuvuka kwa miguu. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi niliyafika, nikaujua wingi wake yalipogusa kifua, nikarudi. Abiria walinitazama nikitoka nimelowa, wakaambizana kwamba mzee huyu ameyaogopa maji ya Jinja mpaka amerukwa na akili.

Njaa ikaja. Muhogo wa Iganga ulikuwa umekwisha zamani, na pande zote kuku walikuwa wanalia ndani ya matenga. Lakini kuku hawaliwi, ni zawadi za wagonjwa. Nilimwona mtu akimtazama jogoo wake mwenyewe kwa macho ya mfiwa, akageuka upande wa pili. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza, maana ukimla kuku wa mgonjwa, umemuua mgonjwa. Basi tukalala na njaa katikati ya kuku.

Bado Mpologoma

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua kama alivyosema Kalasinga, lakini magurudumu yalikuwa yamezama kwenye tope. Tulisukuma, basi likacheka. Tukakaa chini tena. Hapo ndipo Nabirye alipoinuka, akafungua tenga lake, akashika kuku miguu.

"Banange, jamani, mimi nimechoka," akasema. "Mgonjwa hapana. Shangazi yangu mzima, nalima kunipita mimi. Mimi nakimbia maji. Kuku hii nachinja, tunakula, yaisha."

Watu walitazamana. Kisha mtu nyuma akasema kwa sauti ndogo kwamba na mjomba wake, ukitazama sana, hana neno. Na mwingine akasema wa kwake alikuwa na mafua tu. Ndugu zangu, nimesikia habari nyingi za miujiza, lakini niliouona kwa macho yangu ni huu: wagonjwa wote wa Mbale walipona papo hapo, kabla jua halijapanda juu ya mafunjo. Waliovimba walinywea, aliyekata kauli akasema. Maalim Twaha akateremshwa kutoka juu ili achinje, akachinja kuku baada ya kuku, wakachomwa kwa kuni mbichi, tukala na moshi wake. Watu walicheka siku ile kama watu waliotuliwa mizigo. Hata mimi nilicheka.

Ndipo Nabirye akanigeukia, mdomo umejaa paja la kuku.

"Na wewe, sebo? Wako amepona?"

"Wangu hajapona," nikasema. "Wangu yuko kweli."

Wakaangua kicheko ambacho hawakuwa wamecheka bado. Mulondo alijipiga mapaja. Mtu mmoja akasema, "Huyu mzee habanduki! Huyu ni mwanaume!" Nikajaribu kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Nikaweka chini kipande changu cha kuku, nikaenda pembeni penye mafunjo, nikalia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na uchungu nao, na nilikuwa na uchungu na Mungu pia, maana niliona amemweka mwanangu katika mizani ile ile mara tatu na mimi amenizungushia maji na vichekesho. Nikaomba. Sikuomba utulivu. Niliomba tope likauke.

Halikukauka. Nikarudi kwa wenzangu, na Kalasinga akatujia na fimbo yake, amekwisha fikiri.

"Gurudumu nataka kitu chini," akasema. "Kitu ngumu."

Maalim akasema tungoje, Mungu hamtupi mja wake.

"Mungu hapana sukuma basi, Maalim. Lete mlango."

Bwana Mulondo akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Mlango ya nyumba yangu? Nitafunga na nini?"

"Nyumba yako bado iko?" akauliza Pritamu. "Wewe nasema maji nakula Jinja yote."

Mulondo akasogea kando. Hakuna aliyewahi kumwuliza jambo hilo kwa mantiki. Mlango ukateremshwa, ukasukumwa chini ya gurudumu la kushoto na kitasa chake. Injini ikanguruma, upande wa kushoto ukapanda, upande wa kulia ukazama zaidi. Pakahitajika kitu upande wa kulia, kitu cha kuchukuana na tope lile laini kisizame. Watu walikuwa na mikeka, walikuwa na magodoro ya kulalia ya pamba na ya majani, na kila mmoja akaanza kutazama mawinguni.

Nikapanda juu ya basi, nikakata kamba, nikashuka na kigodoro cha mjukuu wangu. Kilikuwa bado cheupe. Mshono wake wa pembeni nilikuwa nimeurudia mara mbili, nikiona haukunyooka. Nikakikunja, nikapiga magoti kwenye tope, nikakisukumiza chini ya gurudumu kwa mikono yangu miwili mpaka kikaingia.

Nilipoinuka hakuna aliyekuwa anacheka. Nabirye alikuwa ameushika mdomo wake.

"Kidogo hivyo," akasema polepole. "Ni ya mtoto." Kisha akawageukia wenzake, akapiga ukelele. "Banange! Mgonjwa ya mzee huyu iko kweli! Ninyi nakaa nini? Sukuma!"

Wakasukuma wote. Magodoro mengine yakaja yakirushwa kutoka juu bila kuombwa. Maalim Twaha aliingia topeni mpaka kiunoni, kanzu ikaelea kama ua, akasukuma karibu na mimi akiita majina ya Mungu kila pumzi, na saa ya chuo amemwachia mwanamke mmoja amshikie. Basi likatoka.

Tirinyi, Budaka na Kamonkoli

Sasa mambo yakageuka, kila mtu akawa na haraka kwa niaba yangu. Tirinyi walikuwa wanauza mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu. Abiria wakakataa kusimama. Budaka mtu alitaka kushuka kujisaidia, wakamwambia avumilie, kuna mtoto anazaliwa. Pritamu aliliendesha basi lile kana kwamba aliliiba. Nabirye alikuja kila mara kuniuliza jina la binti yangu ili amwombee, kisha akalisahau, akaja tena.

Na mimi sasa ndipo hofu ikaniingia. Nilipokuwa nyuma ya maji nilikuwa na mtu wa kumlaumu: Kalasinga, mto, Nabirye, Maalim. Tulipopita Kamonkoli, Mlima Masaba ukaonekana wote umekaa mbele yetu, na barabara ilikuwa kavu, nyeupe, haina kosa. Nikaanza kutamani gurudumu lipasuke. Nawaambia kweli yangu. Nilitamani ng'ombe walale barabarani. Kwa maana maadamu sijafika, mtoto yule hakuwa amekufa.

Maalim Twaha alikuwa ameketi kando yangu, tope limemkaukia mpaka kifuani. 

"Fundi," akasema, "mimi sikuja kumwona mgonjwa."

"Najua, Maalim."

"Maji nayaogopa tangu utotoni. Hotuba zile zote nilikuwa najihutubia mwenyewe. Nyinyi mlikuwa mnasikiliza tu."

"Zilikusaidia?"

Akafikiri. "Ijumaa mpaka Jumamosi hivi," akasema. Kisha akanishika goti. "Usiwaambie watu, Fundi."

Nikamwahidi sitamwambia mtu. Kuandika hakukutajwa.

Namatala

Kituoni Mbale watu walinishika mikono, wakanipa pole na heri kwa lugha zao zote, na Mulondo akanikumbatia kama ndugu yake yule wa baridi. Maalim akafuatana nami. Nabirye naye akaja nyuma, na kuku mmoja aliyebaki, akisema shangazi anaweza kungoja kwa sababu ni mzima. Tukapita madukani, tukateremka upande wa Namatala. Mikono yangu ilikuwa mitupu na sikujua nifanye nini nayo.

Tulipoikunja kona ya nyumba ya Zaituni nikasimama.

Nje ya mlango pametandikwa mikeka, na juu ya mikeka wameketi wanawake, wamejifunika kanga vichwani, wote kimya. Mmoja alituona, akaweka kidole mdomoni, akainamisha kichwa. Ninyi mnajua kwetu mikeka iliyotandikwa nje na wanawake walionyamaza maana yake ni nini. Mimi nilikwisha iona mikeka ile mara mbili mbele ya mlango ule ule. Nikaketi pale pale njiani, juu ya vumbi.

Maalim Twaha akanitazama nilivyokaa, akaitazama mikeka, na woga wake wote wa maji na wa barabara na wa maisha ukapata pa kutokea. Akainua mikono, akaachia sauti yake ya Ijumaa, ile ya njiwa:

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun! Enyi wafiwa, subirini! Mungu ametoa, Mungu ametwaa! Poleni, poleni, po..."

Ndani ya nyumba kitu kikalia.

Kililia kwa ghadhabu, kwa mapafu mazima, kama mtu aliyeamshwa na mpumbavu. Maalim akabaki na mikono juu. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akatoka Bi Zamzam, mkunga wa Kinubi, mwiko mkononi.

"Nani huyu?" akanguruma. "Nani huyu anamzika mtoto wangu? Usiku kucha tunambembeleza, sasa hivi tu amelala yeye na mama yake, nimewaambia watu wote wakae nje wanyamaze, halafu weye unakuja kupiga kelele za maiti! Afande gani amekutuma?"

Wanawake wa kwenye mikeka walikuwa wamejibana midomo kwa kanga, wanatikisika kwa kicheko. Mimi niliinuka sijui kwa nguvu gani. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na nikampita Bi Zamzam na mwiko wake bila hata kumsalimu.

Zaituni alikuwa ameegemea ukuta, uso umemsawijika, mtoto kifuani ndani ya kanga. Akanitazama tope langu kutoka chini mpaka juu.

"Shikamoo, Baba. Umechelewa."

"Marahaba, mwanangu. Barabara..."

"Amezaliwa jana alasiri. Wa kiume. Walisema maji yamekata njia, wakataka jirani aadhini. Nikakataa. Nikawaambia Baba yuko njiani."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimetoka katika mji mzima wa watu wasioogopa, nikasafiri na basi zima la watu wasioogopa, na nikataka kujua.

"Hukuogopa, Zaituni?"

"Niliogopa, Baba," akasema. "Tangu mimba ilipoingia naogopa. Nalala naogopa, naamka naogopa. Mpaka nilikuwa natapika kwa woga. Nikafagia nyumba, nikachemsha maji, nikafua nguo zake, nikasali, nikakungoja."

Nabirye aliingia na beseni, akaninawisha mikono mpaka viwikoni kama mtoto, akanifuta kwa kanga yake mwenyewe. Maalim alikuwa amesimama mlangoni, hathubutu kuvuka kizingiti. Nikampokea mjukuu wangu. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, uso umekunjamana kwa hasira, na hasira ile niliitambua ni ya kwangu. Nikaelekea kibla, nikaweka mdomo wangu kwenye sikio lake la kulia.

Takbira ya kwanza ilinikatikia kooni. Nikajaribu, ikakatika tena. Machozi yalimdondokea mtoto shavuni, akanyamaza, akafumbua jicho moja kunitazama.

"Anza upya, Baba," akasema Zaituni. "Huyu hana haraka."

Nikaanza upya.